Taa Mpya kwa Mbari

Warigia alikuwa amemaliza kufunga kuku. Alipachika ubao kwenye mlango wa kibanda, akanyoosha mgongo, kisha akatazama kusini, kama alivyozoea kila jioni mbingu zikiwa wazi. Wingu lake dogo la nyota lilikuwa mahali pake juu ya vilima vya Murang'a, jeupe kidogo, kama unga uliomwagika mtu akajaribu kuupangusa kwa kiganja. Lakini ndani yake palikuwa na kitu ambacho hakukizoea. Nyota. Ndogo, nyeupe, imetulia kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Akafumba macho, akayafumbua. Bado ilikuwapo.

Aliingia ndani haraka kuliko magoti yake yalivyopenda. Mumewe, Mwalimu Ngatia, alikuwa kitandani na viatu miguuni, uso ukutani, vile alivyokuwa akishinda tangu arudi kwa daktari wa macho.

"Baba Wakonyo," alimwita, kwa jina la binti yao wa kwanza. "Amka. Kuna taa mpya kwa mbari."

"Nimesikia," akajibu akiwa bado ameuelekea ukuta. "Waache na taa yao."

"Huji kuiona?"

"Niione kwa macho gani?"

Warigia hakuwa mwanamke wa kusukuma mtu. Alimvua viatu, kimoja halafu kingine, akamfunika miguu kwa shali yake, akaenda jikoni kuangalia viazi. Hivyo ndivyo walivyopotezana, watu waliozeeka katika kitanda kimoja, kwa sababu ya neno moja tu.

Mbari, kwa Kigikuyu, ni ukoo: watu wa babu mmoja, juu ya ardhi moja. Mbari ya Ngatia ilikuwa imebaki nyumba mbili kwenye kilima hicho cha karibu na Karatina. Yake ilikuwa juu, na ya mdogo wake Nderitu ilikuwa chini, upande wa kusini, ng'ambo ya shamba la kahawa. Nyumba hizo hazikuwa zikisalimiana tangu ardhi ilipopimwa. Mzungu mpimaji alimtumia Ngatia kama mkalimani, na wakati wa Uhuru, alipofunga mizigo kurudi kwao, akamwachia darubini ya macho mawili, nzito, yenye mkanda wa ngozi. Nderitu, ambaye mgawo wake ulikuwa na mawe mengi, alisimama nje ya kanisa watu wakitoka ibadani akasema ile haikuwa zawadi, ilikuwa malipo ya mpaka uliopindishwa. Maneno hayo hayakuombewa msamaha. Na sasa, mwaka huu wa themanini na saba, Nderitu alikuwa amevuta stima kutoka kiwanda cha kahawa na kuweka taa kubwa juu ya zizi la ng'ombe wake wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu, kwa ajili ya wezi. Basi Ngatia aliposikia habari ya taa mpya kwa mbari, alijua anaambiwa habari ya mdogo wake.

Lakini Warigia hakuwa na habari ya Nderitu hata kidogo.

Zamani, walipokuwa wageni katika ndoa, Ngatia alimfundisha nyota. Alimfundisha kwa Kiswahili, lugha aliyofundishia shuleni kule Nanyuki, kwa sababu alisema Kigikuyu chake hakikupanda juu kiasi hicho. Alimwonyesha lile wingu akasema, "Hizo ni nyota, Mama Wakonyo, nyingi kuliko kahawa yote ya Nyeri. Ni mbari sana." Alitaka kusema mbali. Lakini ulimi uliolelewa kwenye vilima hivi haukujua herufi l, na Warigia akasikia mbari, na akaona imesemwa vizuri. Nyota zetu ni mbari moja. Zile ni mbari nyingine, majirani, ng'ambo ya bonde. Hakuuliza. Mtu haulizi jambo alilokwisha kulielewa.

Tena alimfundisha namna ya kutazama nyota hafifu. "Nyota hafifu ni kama mama mkwe," alisema. "Ukimkodolea macho usoni, anapotea. Tazama kando yake, kwa adabu, ndipo utamwona." Warigia alicheka siku hiyo hadi akashika ubavu, kwa maana mama yake alikuwa bado hai, na Ngatia alikuwa mkwe wa kuruka ndani ya mikahawa, ile miti ya kahawa, kumpisha kila alipokutana naye njiani.

Alichokuwa akikisubiri mwalimu katika lile wingu, miaka yote hiyo, ni nyota mpya. Alisema nyota huko huweza kulipuka, ikang'aa kwa majuma machache, kisha ikafifia. Huenda isitokee maisha yake yote. Hata hivyo, kila msimu wingu lilipopanda alitoa darubini na kutafuta. Kisha daktari akamwambia ni ugonjwa wa nyuma ya macho, amechelewa, jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. Siku hiyo alitundika darubini kwenye msumari, akageukia ukuta.

Jioni iliyofuata Warigia alimwambia tena. "Ile taa ya mbari imezidi kung'aa."

"Wewe mama," Ngatia akasema, "ninyi wanawake mkiona balbu mnachanganyikiwa. Usinitajie mbari tena ndani ya nyumba hii."

Hakuitaja tena. Alidhani uchungu wa macho ndio uliomfanya azichukie hata nyota. Akawa anatoka peke yake baada ya kufunga kuku, anaitazama, anairudishia heshima kidogo kwa kichwa, kisha anaingia kumpikia.

Ilikuwa redio iliyowaumbua. Warigia alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, na Ngatia alikuwa ameketi kitandani, anapima jicho lake kama alivyofanya kila mchana, kwa kujaribu kuona mpini wa birika mezani. Msomaji wa habari akamaliza siasa, akamaliza bei ya kahawa, halafu akasema wataalamu wa Amerika ya Kusini wameona nyota iliyolipuka katika galaksi jirani na yetu. Ilikuwa inaonekana kwa macho matupu, katika wingu dogo la upande wa kusini.

Birika lilianguka.

"Warigia!" Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Umetazama kusini siku hizi?"

"Nimetazama. Si ndiyo nilikuwa nakuambia?"

"Uliniambia nini?"

"Kwamba kuna taa mpya kwa mbari. Nikakuambia mara ya pili, ukanikataza."

"Mbari! Hiyo si ni nyumba ya Nderitu?"

"Ya Nderitu ina nini? Nasema mbari ya juu. Ulinifundisha mwenyewe. Ukasema zile nyota ni mbari."

"Mimi nilisema ni mbari!" alifoka. "Mbari, mama! Kama vile Mombasa ni mbari!"

"Na mimi nimesema nini? Mbari."

Ngatia alifungua mdomo kujibu. Akalitamka lile neno taratibu, mara moja, mara mbili, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akausikia ulimi wake. Alianza kucheka. Warigia naye akacheka, kwa kufurahi kumwona akicheka, hadi alipotambua kwamba kicheko cha mumewe kilikuwa kimekwisha na mabega yalikuwa yakitikisika kwa jambo lingine.

"Siku ile uliponiambia," akasema, "nilikuwa naona mpini wa birika. Naona pia maua ya kitambaa. Leo sioni hata birika lenyewe, nimelisikia tu likianguka. Ningeamka siku ile ningeiona."

Warigia aliacha maharagwe. Alimshika mkono wake wenye chaki ya miaka mingi, akaushika tu.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa na raha. Kwanza ulikuja ukungu. Kila jioni ulishuka kutoka mlima Kirinyaga mara tu jua likizama, ukajaza mabonde, na kusini hapakuonekana hata kilima. Ngatia alikaa nje kwenye kigoda, koti limefungwa hadi shingoni, akiuliza, "Imefunguka?" Na Warigia akijibu, "Bado." Nyuma ya ukungu kulikuwa na mvua za masika, ambazo mbegu zilikuwa zikingojea na Ngatia alikuwa akiziogopa. Mvua zikianza hazingeondoka hadi Juni, na kufikia Juni lile wingu litakuwa limezama upande wa pili, na jicho pia litakuwa limezama. Alijua. Kila alipoamka alipima jicho, akakaa kimya, na katika ukimya wake Warigia alijua limebaki kiasi gani.

Jioni moja ukungu ulipasuka. Warigia alimwelekeza, akamwambia atafute nyota nyeupe, akamwekea darubini usoni. Alitazama akitetemeka mikono. Chini yao, mahali palepale pa kutazama, taa ya Nderitu iliwaka. Kwa Warigia ilikuwa taa tu, ya kukingwa kwa kiganja. Kwa Ngatia ilikuwa ukuta mweupe. Mwanga ulienea ndani ya lile jicho gonjwa kama maziwa ndani ya maji.

"Naiona," akasema baada ya muda.

Warigia aliinua macho kusini. Ukungu ulikuwa umekwisha kufunga tena. Hapakuwa na nyota yoyote.

"Ni njema," akasema, akamwingiza ndani.

Walipokuwa wakila, mwalimu aliweka kijiko chini. "Sikuiona."

"Najua."

"Niliona umechoka. Nikataka ukalale."

"Basi usinidanganye tena, Baba Wakonyo. Nami sitakudanganya. Tusifichane hata hii."

Asubuhi alivaa kitambaa chake cha kanisani kichwani, akashuka kwa Nderitu. Hakumwambia mumewe. Ngatia angekufa kwanza kabla ya kumwomba mdogo wake kitu.

Nderitu alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Mkewe, Murugi, alikuwa anaosha mitungi ya maziwa. Alipomwona mgeni aliinuka na povu mikononi, akamletea kiti chenye mgongo, kile cha sebuleni, akakipangusa kwa nguo yake. Warigia alilitazama jambo hilo, akaliweka moyoni.

"Shemeji," Nderitu akasema bila kuacha panga, "umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kuomba."

"Chumvi imewaishia huko juu?"

"Nimekuja kuomba giza."

Panga likasimama. "Kuomba nini?"

"Giza, shemeji. Jioni tu, kuku wakiingia, hadi watu wanapokula. Uzime taa. Kuna nyota ambayo kaka yako ameisubiri tangu alipokuwa kijana. Imetoka, na taa yako iko katikati yao."

Nderitu alicheka. "Ati nizime taa ili mwalimu aone nyota! Na wezi wa ng'ombe, wao niwaambie wangoje, mwalimu anasoma? Na ataitazama kwa nini, kwa ile darubini ya mpaka? Ile iliyoniletea mawe?"

"Kwa hiyo hiyo. Hana nyingine."

"Mwambie giza analo la kutosha ndani ya macho yake. Asije kuazima langu."

Neno lilipotoka, hata yeye mwenyewe alilisikia. Murugi aliacha mtungi ukajaa ukamwagika. Nderitu aliinama akaanza kukata majani kwa nguvu, ingawa yale yaliyokuwa mbele yake yalikuwa yamekwisha kukatwa.

Warigia aliinuka. "Asante kwa kiti," akasema.

Alikuwa amefika kwenye mikahawa aliposikia miguu nyuma yake. Alikuwa Murugi, na kopo la maziwa lililofunikwa kwa jani la ndizi. "Mwalimu bado hunywa chai nzito?" aliuliza. Warigia akaitikia kwa kichwa. Murugi akamkabidhi kopo, akarudi mbio, kama mtu aliyeiba kwake mwenyewe.

Siku hiyo ilikuwa ya joto la kuchoma, lile linalotangulia mvua. Alasiri mawingu meusi yalijipanga upande wa Nyandarua, na mchwa wenye mabawa wakaanza kutoka ardhini. Kila mtu kilimani alijua maana yake, na Ngatia alijua kwa harufu. "Ni leo," akasema. "Leo au basi."

Warigia alichimbia nguzo ya ua mahali palipoinuka, akafunga darubini juu yake kwa kamba za katani, ili mikono inayotetemeka isihitajike. Jua lilipozama, kusini palikuwa wazi kabisa. Lile wingu likatokea, na ile nyota pia. Aliinama akailenga kwa jicho lake, na ilipoingia kwenye kioo alishtuka kidogo. Haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa imegeuka nyekundu, kama kaa linaloanza kufunikwa na jivu. Alitaka kusema, akajizuia. Akalifungia neno kinywani.

Chini kwa Nderitu taa iliwaka, kubwa kama kawaida.

"Njoo," akamwambia mumewe. "Jicho hapa. Usiguse nguzo."

Ngatia aliinama. Alitazama kwa muda mrefu. "Nyeupe tu," akasema. "Kila mahali nyeupe." Upande wa magharibi radi ilimulika bila sauti. "Warigia, ni nyeupe tu!" Akainua mkono na kuipiga ile nguzo kwa kiganja, akaipiga tena. Darubini ikayumba kwenye kamba. "Miaka yote! Jicho lilikuwa zima miaka yote na mbingu zikawa tupu, leo mbingu zina kitu na jicho ni kibuyu! Ifungue. Ivunje. Mpelekee Nderitu, mwambie nimeshalipa mpaka wake."

Warigia hakuifungua. Aliinama tena, mgongo ukiuma, akaanza kuilenga upya. Hakuwa na lingine la kufanya, na mtu asipokuwa na lingine hufanya lililo mkononi. Na alipokuwa ameinama hivyo, dunia ikawa nyeusi.

Alidhani ni macho yake. Kisha akatazama chini. Kwa Nderitu hapakuwa na taa. Zizi, nyumba, mikahawa, vyote vilikuwa vimemezwa. Hapo kusini paliiva nyota, moja moja, kisha zote.

"Amezima," akanong'ona. "Baba Wakonyo, amezima. Tazama sasa."

Alitazama. Upepo wa mvua ulianza kuvuma, baridi, wenye vumbi. "Sasa ni nyeusi," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo lilimwogopesha Warigia kuliko kelele. "Kabla ilikuwa nyeupe, sasa ni nyeusi. Nimekaza jicho lote katikati. Katikati hakuna kitu. Pamekufa."

Katikati pamekufa. Warigia alimwona akiwa ameinama vile, uso umekodolea kioo kama mtu anayedai deni, na akamkumbuka kijana aliyekuwa akiruka ndani ya mikahawa.

"Baba Wakonyo," akasema, "unamkodolea mama yangu macho."

"Nini?"

"Mama yangu amepita njiani, nawe umemkazia uso. Hivyo ndivyo ulivyofunzwa? Geuka kando. Mpe heshima yake."

 Taratibu, kama mtu anayejongea ukingo wa shimo, Ngatia alizungusha jicho kuelekea sikioni, mbali na kioo, hadi akawa kama anayetazama kibanda cha kuku. Akatulia. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya nyumba. Warigia alishika mgongo wa koti lake, akasikia pumzi yake ikikoma.

"Kuna kitu," akasema. "Usiseme. Usinisaidie. Kuna kitu pembeni." Kisha, polepole, kwa mshangao kidogo: "Lakini uliniambia ni nyeupe. Mbona hii ni nyekundu? Ni kama kaa."

Hapo Warigia akalia. Alilia bila sauti, akikaza mkono kwenye lile koti. Hakumwambia mumewe kwa nini, wala yeye hakuuliza, kwa kuwa jicho lake lilikuwa na kazi.

Hatua zilisikika kutoka kwenye mikahawa. Nderitu alitokea gizani na panga begani, anahema. Alisimama mbali kidogo, mahali ambapo mtu husimama akiwa hajui kama ataambiwa karibu.

"Ng'ombe wangu akiibwa," akasema, "mtakamua hiyo nyota."

"Nyamaza, Nderitu," Ngatia akasema bila kuinua kichwa. "Subiri. Bado naiona." Tone la kwanza lilianguka juu ya mabati ya kibanda. "Bado naiona... Bado..."  Kisha akanyooka, mkono ukitafuta hewani mpaka ukagusa bega la mdogo wake.

"Iko pale," akasema. "Kabla wingu halijafunga. Haraka."

Nderitu aliiangalia ile darubini. Alikuwa hajaigusa tangu siku ilipoingia katika mbari yao. Aliweka panga chini, akainama, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege.

"Wapi? Hii?" akauliza. "Haka kadogo?"

"Hako."

"Na kako mbari kiasi gani?"

Warigia alisikia mumewe akivuta pumzi, tayari kujibu, kisha akaiachia bila neno. Matone yaliongezeka. Huko chini mlango ulifunguliwa, na sauti ya Murugi ikapanda kilimani, ikiuliza kama awashe taa sasa, mvua imekuja.

Nderitu hakutoa jicho kwenye kioo. "Bado!" akapaza sauti. "Usiwashe bado!"